Mkunga Aliyeniuliza Mimi

Wanaonijua pale soko kuu la Bunia hawatakubali nikisema kwamba kuna wakati nilikosa neno. Nauza vitenge, na kazi hii haifanywi kwa upole. Mteja akishika kitambaa na kukunja uso, nishajua atakachosema, na jibu langu liko tayari kabla hajafungua kinywa. Jirani yangu wa meza, mama anayeuza viatu vya mitumba, husema siku nitakayokufa mwili utazikwa leo na mdomo kesho. Mimi hucheka, kisha namjibu kitu kibaya zaidi.

Kwa hiyo sina namna nzuri ya kueleza jinsi mdomo huo ulivyofungwa miaka michache iliyopita, nilipougua nikiwa na mimba. Hakuna aliyeufunga kwa nguvu. Niliufunga mwenyewe nikidhani ndiyo heshima. Kwetu mgonjwa hasemi. Akienda hospitali anasindikizwa na mtu wa nyumbani, tunamwita garde-malade, na huyo ndiye anayeulizwa kila kitu: amelala vipi, amekula nini, anaumwa wapi. Mgonjwa anaweza kuwa amekaa palepale, macho makavu, akisikiliza habari za tumbo lake zikisimuliwa na mtu mwingine. Na akiwa mwanamke aliyeolewa, mambo mazito huamuliwa na ukoo wa mume. Nilikuwa nimeliona hilo tangu utoto na halikuwahi kunikera hata siku moja.

Ilikuwa mimba ya tatu. Tulikuwa na mabinti wawili, mdogo hajaanza shule. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mpole kiasi kwamba watu hutuuliza tulikutana wapi. Tuliishi pamoja na mama yake, aliyekimbia kijiji cha Bule wakati wa vurugu za vita kama sisi sote, na katika uwanja huohuo aliishi kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye mkuu wa ukoo tangu baba yao afariki. Shemeji huyo ni mtu wa ofisi. Kifaransa chake kimepigwa pasi kama suruali zake. Mahari yangu ilikuwa ng'ombe, na yeye ndiye aliyewaswaga mpaka kwetu. Ng'ombe wale waliporwa wote zamani, lakini haki waliyoinunua ilibaki na afya njema.

Mimba ile ilinichosha mapema mno. Nilikuwa nikitoka sokoni napumzika njiani, mimi niliyekuwa nikibeba robota la vitenge kichwani na mtoto mgongoni. Nikilala chali hewa inakatika. Miguu ikavimba kabla hata tumbo halijaonekana. Nilipokuwa mtoto niliwahi kuugua homa ya viungo. Magoti yalivimba, bibi yangu akanikanda kwa majani, ikapita, tukasahau. Hatukujua kwamba ilikuwa imeacha kitu ndani ya moyo.

Daktari aliyenipokea alikuwa kijana kutoka mkoa mwingine, Kifaransa na Kilingala ndivyo vyake. Kiswahili alikuwa bado anakiokota. Alinipaka kitu baridi kifuani, akatazama moyo wangu kwenye mashine kwa muda mrefu, kisha akamgeukia shemeji na wakazungumza Kifaransa. Changu mimi ni cha sokoni: rangi, urefu, na matusi mawili matatu. Nilidaka maneno kama matatu, nayo hayakuwa rangi. Nikamtazama shemeji anitafsirie.

"Dokta anasema moyo iko nachoka kidogo," aliniambia. "Upumuzike. Usibebe bitu bizito."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, shemeki. Tutasali."

Nikasema ndiyo, aksanti. Daktari akaniona nikiitikia kwa kichwa, akadhani nimeelewa. Naye akaitikia kwa chake.

Basi ikaja wiki ambayo nilipendwa kuliko wakati wowote tangu niolewe. Mama mkwe alichinja jogoo aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya Krismasi. Shemeji alileta maziwa kila asubuhi, yeye mwenyewe, na viatu vyake vya ofisi vikiingia matope. Wanawake wa kwaya walikuja kuniimbia sebuleni, na mmoja wao, ambaye hatukuwa tukisalimiana kwa sababu ya mteja aliyeninyang'anya, alinishika mikono yote miwili akaomba msamaha. Mume wangu alikuwa akirudi shuleni anakaa karibu yangu, akinikanda miguu. Nami, mjinga mkubwa, nilikula kuku nikafurahi. Nilimwambia jirani yangu wa viatu, alipokuja kunisalimia, kwamba nimegundua siri: ukitaka kupendwa na wakwe, choka kidogo. Hakucheka. Nikadhani ana wivu.

Wote walikuwa wanajua. Kwetu habari mbaya haipelekwi kwa mtu mwenye mimba, kama vile habari ya msiba haipelekwi kwa mtu ambaye hajala. Inasemwa kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini methali hiyo inamsema mgonjwa anayeficha. Haisemi chochote kuhusu mgonjwa anayefichwa, na ukoo mzima ukishirikiana kwa mapenzi, huwezi kushtuka. Hakuna aliyenidharau. Walikuwa wamegawana woga wangu kati yao ili mimi nisipate hata kipande.

Wiki ilipoisha tulirudi hospitali: mimi, mama mkwe na shemeji. Mume wangu alikuwa darasani, atatufuata. Daktari alitaka kujua familia imeamua nini, na shemeji alikuwa amekwisha kumpa jibu, kwamba tunaendelea na mimba na tunamwachia Mungu. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikihesabu vitenge vilivyovaliwa na wagonjwa wengine na kuvipangia bei.

Ndipo alipotoka chumbani yule mkunga. Mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha watoto watoke tumboni. Aliniita niingie. Mama mkwe akainuka, shemeji akainuka, kama kawaida.

"Nimeita mugonjwa," akasema.

Shemeji alitabasamu lile tabasamu lake la ofisini. "Mama, mimi ndiye responsable. Mambo ya huyu bibi inapitia kwangu."

"Responsable wa nyumba, ndiyo, papa. Sikatae. Lakini moyo yenye iko na mugonjwa, iko mu kifua ya nani?"

"Dokta nimeshamujibu."

"Dokta alikuuliza weye. Mimi nitamuuliza yeye."

Akafunga mlango. Nakumbuka nilimwonea shemeji huruma, na nilimwona yule mkunga kuwa hana adabu. Nilipanga nitakapotoka nimwombe shemeji radhi kwa niaba yake.

Aliketi mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana, akazungumza Kiswahili cha nyumbani, taratibu. Akaniambia kwamba ndani ya moyo kuna milango inayofunguka na kufungika, na kwamba mmoja wa kwangu umekuwa mwembamba sana, labda kwa ugonjwa wa utotoni. Mimba inaongeza damu, na damu hiyo yote inataka kupita kwenye mlango uleule. Akaniambia kuwa kuna wanawake wenye moyo kama wangu wanaofika mwisho na kuzaa, na kuna wengi wasiofika, na kwamba moyo wangu ulivyoonekana kwenye mashine, daktari anaogopa sana. Upasuaji wa kuufungua ule mlango haufanyiki Bunia. Nikichagua kuendelea, watanifuata kwa karibu, kwa dawa na kwa kitanda, mpaka mwisho, na hakuna atakayenikasirikia. Nikichagua kutoendelea, sheria ya nchi sasa inaruhusu mimba itolewe pale inapotishia maisha ya mama, na itafanyika palepale hospitali, na daktari, kwa usafi. Akanieleza itakavyofanyika, maumivu yake, hatari zake, na damu itakayotoka baadaye. Akaniambia pia kwamba sheria hiyo haitaki sahihi ya mume wala ya shemeji. Inataka ya kwangu.

"Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Umeelewa?"

"Ndiyo, mama. Aksanti."

Alivua miwani. "Sasa weye uniambie vile nimesema."

Nikafungua kinywa. Nikatafuta pa kuanzia. Nilikuwa nimesikia kila neno, naapa, lakini ndiyo yangu ilikuwa ile ya kumjibu mtu mkubwa, ile tunayofundishwa kabla ya kujua kuhesabu. Ukisemeshwa na mkubwa, unasema ndiyo. Baadaye utaangalia alisema nini. Nikamwambia kwamba moyo umechoka na nipumzike.

"Hapana. Mimi sikusema vile."

Akaanza upya. Hakuonyesha kuchoka, wala kunionea huruma, na hilo la pili ndilo ninalomshukuru zaidi. Akachora mlango wa moyo kwa kidole chake kwenye kiganja changu. Alipofika mwisho akaniomba tena nimwambie. Nikaanza vizuri, damu, mlango, hewa, nikafika mahali, nikasimama. Akangoja. Nje nilisikia viatu vya shemeji vikienda na kurudi.

"Nikiendelea na hii mimba," nikasema, "naweza kufa."

"Ndiyo. Unaweza."

Nilimkasirikia. Kisha nikamkasirikia kuku niliyemla, na maziwa, na nyimbo za kwaya, kwa sababu vyote nilivielewa kwa mara moja. Walikuwa wananiaga! Nilikuwa nimekaa kwenye matanga yangu mwenyewe nikiomba niongezewe mchuzi. Nililia kwa hasira mpaka kifua kikabana, na yule mama akaniinua mgongo, akanishika hivyo mpaka hewa ikarudi.

Hewa iliporudi, mdomo wangu nao ukarudi. Nilimuuliza maswali kama mtu anayenunua kitenge cha harusi, nikigeuza huku na huku. Je, nikipumzika kitandani muda wote? Je, nikienda Kampala? Mtoto akifika miezi saba? Mtoto anasikia kitu? Nitaweza kuzaa tena? Moyo utapona? Alijibu kila kitu, na asichokijua alisema hakijui. Moyo hautapona kwa kutoa mimba, aliniambia, utapata nafasi tu. Na kuna sindano ya kila mwezi ya kuzuia ile homa ya viungo isirudi kuushika moyo, ambayo mpaka leo naidungwa na ambayo mpaka leo naitukana.

Mwishowe nikamuuliza lile la kweli. "Mama, ingekuwa weye, ungefanya nini?"

"Ile sitakujibu."

"Kwa nini? Weye ndiye unajua."

"Nikikujibu, utafanya yangu. Kisha kesho nitaenda kwangu, weye utabakia nayo."

Wakati ule niliona amenitupa. Kuuliza si ujinga, tunasema, sasa kwa nini nauliza na kunyimwa? Siku nyingi zilipita kabla sijaelewa kwamba katika mambo yote aliyonipa, lile la kuninyima lilikuwa kubwa kupita yote. Watu wote walionizunguka walikuwa na jibu. Yeye peke yake aliniachia swali.

Aliniambia nisijibu siku ile. Niende nyumbani, nifikiri, nimwambie ninayetaka kumwambia, ila nisikawie sana, kwa sababu mimba haingoji. Nikamwomba amwite mume wangu, ambaye alikuwa amefika na chaki mikononi. Alipoingia na kuuona uso wangu, alijua kwamba najua.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Na ukaninyamazia."

"Nilitaka ukae hata siku kidogo bila woga."

"Zilikuwa siku zangu!" nikapiga kelele, na nina hakika benchi zima lilisikia. "Woga ilikuwa yangu!"

Hakujitetea. Alikaa chini, sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti yangu na kulia, mwalimu mzima, vumbi la chaki kwenye kitenge changu. Kisha akasema maneno ambayo nayashukuru mpaka leo: kwamba anaogopa njia zote mbili, na nitakayochukua, atatembea nayo. Hakuniambia ipi.

Shemeji alisema ipi. Alisema uwanjani, jioni ile, mbele ya wote, kwamba mtoto ni wa ukoo, kwamba sheria hizo zinatoka Kinshasa na watu wa Kinshasa hawajui mambo yetu, kwamba mkunga yule atashitakiwa. Mume wangu, ambaye sijawahi kumsikia akimkatiza kaka yake, alimwita kwa jina la heshima la kaka mkubwa, akamwambia, "Yaya, acha." Tu. Shemeji aliingia ndani. Namtaja bila chuki. Alikuwa mtu aliyezoea kubeba mzigo wa wote, na siku alipoambiwa autue hakujua mikono aiweke wapi. Asubuhi iliyofuata maziwa yalikuwa mlangoni.

Zile siku za kufikiri simtakii mtu yeyote. Nilizungumza na yule mtoto wa tumboni. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Nilimwomba Mungu anipe ishara, naye akaninyima kama mkunga alivyoninyima. Nilikuwa nikiwatazama mabinti wangu wakisukana nywele mlangoni, mkubwa akimfinya mdogo atulie, na nikajiuliza nani atawasuka. Sikutafuta ushujaa. Nilitaka kuishi. Nilipolisema hilo kwa sauti, peke yangu, nikiwa nachambua maharagwe, nilijua nimeshajibu.

Mama mkwe ndiye niliyemwogopa. Nilimfuata jikoni nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, sikumtuma mtu. Alisikiliza huku akisonga ugali, hakuacha kusonga.

"Sikubali," akasema. "Nisikudanganye. Ni damu yetu."

"Najua, mama."

"Utalala lopitalo?"

"Ndiyo."

"Basi ni mimi nitakulinda. Hautalindwa na mutu mwingine."

Na alikuja kuwa garde-malade wangu. Alifunga sufuria, mkeka na Biblia ndani ya kitenge kimoja, akakaa kando ya kitanda changu, akinuna. Daktari alipopita asubuhi na kumuuliza, kwa Kiswahili chake cha kuokota, mgonjwa amelala vipi, mama mkwe alinyoosha kidevu kuelekea kwangu. "Iko na mudomo," akamwambia. "Muulize yeye." Daktari akageuka akaniuliza. Nilifurahi sana kwa jambo dogo kama hilo, hata nikasahau nililala vipi.

Kabla ya kuingizwa ndani, mkunga alikuja tena. Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, nikadhani maneno yamekwisha. Akaniuliza kama bado nataka. Akaniambia naweza kukataa hata sasa hivi, na hakuna atakayeniuliza sababu. Nilimjibu kwa sauti ya sokoni, ile inayovuka meza tano, kwamba nataka. Naamini hata wodi ya wanaume ilisikia. Alinishika bega, tukaingia.

Sitasema kwamba haikuuma. Iliuma mwilini, na imeuma moyoni tangu siku ile, na kuna kipindi cha mwaka ambapo naona watoto wa umri ambao wangu angekuwa nao wakipita na mama zao sokoni na ninajifanya napanga vitambaa. Sijui kama huko ni kujuta. Nikijiuliza, najibu kwamba sijuti; nina huzuni, na huzuni yangu naijua kwa sababu niliichagua nikiwa nimefumbua macho. Ningeweza kufa ndani ya mapenzi ya watu wote wale bila kujua ninakufa. Badala yake, mtu ambaye si ndugu yangu alifunga mlango, akanieleza mara mbili, na akangoja. Kila nikikutana naye mjini namsalimia kwa mikono miwili, naye huniuliza tu kama nimedungwa sindano.

Lakini yupo mwingine ninayepaswa kumtaja. Nilipotolewa mule ndani nilikuwa na usingizi wa dawa. Nilipofumbua macho ilikuwa mchana, jua limeingia dirishani, na mama mkwe alikuwa amekaa amenikazia macho kifuani. Hakuwa na Biblia mkononi.

"Nikuambie kitu," akasema. "Wakati ulikuwa mule, niliomba Mungu afunge mikono ya dokta. Niliomba na nguvu yangu yote."

Nilifumba macho.

"Kisha wakakutosha mule, wakakuleta hapa. Nikaona kifua yako inapanda, inashuka. Nikamuambia, Baba, ile maombi yangu, usiisikie. Uitupe."

Tukalia wote wawili, yeye akimlilia mjukuu wake, mimi mtoto wangu, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Kisha alijifuta uso kwa pembe ya kitenge, akavuta kikapu cha chakula karibu. Tangu niolewe, mama huyu alikuwa akinipakulia anachotaka yeye, nami nakula. Siku ile aliushika mfuniko bila kuufungua, akaniuliza ninataka kula nini, akakaa akangoja.